Msitu bikira? Nani kasema?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Bumu lilichelewa, test zikafuatana tatu ndani ya wiki moja, halafu kompyuta ninayoazima kwa jamaa wa chumba cha pili ikaanza kujizima yenyewe kila ikipata moto. Leo nimekaa kwenye kona ya maktaba, mvua inapiga mabati, Mlima Meru hauonekani kabisa, na nina hasira. Watu husema ukiwa na hasira usiandike. Mimi nikisubiri ipoe sitaandika tena, najijua.

Hasira yenyewe inatokana na neno moja. Bikira.

Wiki tatu zilizopita kozi yetu (utalii, mwaka wa pili) tulikwenda safari ya siku moja Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Tulichanga elfu arobaini na tano kila mtu: kiingilio, basi, chakula cha kwenye boksi, na posho ya mwongozaji kutoka kampuni moja ya mjini. Kampuni siitaji na kijana mwenyewe simtaji, maana mkimsikia leo mtafikiri ni mtu mbaya, na si mtu mbaya. Anajua ndege kwa sauti tu, hata hajainua darubini. Tuliondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi, Usa River tukakata kushoto, na kabla chai ya tumboni haijapoa tulikuwa getini. Hiyo ndiyo raha ya Arusha: unatoka kwenye kelele za daladala na wauza soksi, chini ya saa moja uko chini ya miti ambayo mbega wanarukaruka juu ya kichwa chako.

Mara tu baada ya geti la Ngongongare kuna uwanda wa nyasi unaitwa Serengeti Ndogo. Wenzangu wakapiga makelele, pundamilia hao, nyati hao, picha, picha! Mimi nilibaki nacheka kimoyomoyo. Kwa wasionijua, natokea Piyaya, wilaya ya Ngorongoro. Kutoka Karatu unapandisha mpaka lango la Loduare, unazunguka mdomo wa kreta, unateremka kwenye tambarare, halafu unaiacha barabara kuu ya watalii waendao Serengeti na kuelekea upande wa milima ya Gol. Ukifika mahali ambapo hakuna kitu ila upepo, uliza tena, watakuonyesha. Sisi Serengeti kubwa ndiyo jirani yetu. Nyumbu wanapokuja kuzaa kwenye majani mafupi, sisi tunaondoa ng'ombe, kwa sababu ndama wa nyumbu ana ugonjwa ambao kwake si kitu ila kwa ng'ombe ni kifo. Kwa hiyo tangu utoto nimezoea kuwapisha wanyama. Hakuna mtu aliyetulipa posho ya kuwapisha, wala hakuna kibao kilichoandikwa asante.

Msitu wa mvua, hata hivyo, kwetu hakuna. Kwetu ni nyasi, mawe na vumbi. Ndiyo maana mimi nilikuwa na hamu na ile safari kuliko wote ndani ya basi, hata kama sikupiga kelele. Na kwa kweli niliposimama kwenye ukingo wa kreta ya Ngurdoto, ukungu unapita katikati ya miti kama moshi wa boma asubuhi, ndevu za ukoka wa kijani zinaning'inia kwenye matawi, maji yanadondoka ingawa mvua hainyeshi... nilinyamaza. Wataalamu watasema huo ni msitu wa milimani, si wa mvua hasa kama wa Kongo au ile ya Amani na Udzungwa kwa chini. Sawa. Mtoto wa Piyaya akiona mti unalowana bila mvua hawezi kubishana kuhusu majina.

Hapo ndipo mwongozaji wetu akasema lile neno. "Karibuni kwenye msitu bikira. Msitu ambao haujawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Na haujaguswa kwa sababu binadamu alizuiwa asiingie."

Wenzangu wakaandika. Mimi pia niliandika, nisiwe muongo. Swali la ripoti tulishapewa kabla ya safari: "Jadili shughuli za kibinadamu kama tishio kwa hifadhi uliyotembelea." Sentensi ya mwongozaji ilikuwa utangulizi uliokamilika, imebaki kuweka jina na namba ya usajili tu.

Tukateremka kwenda maziwa ya Momella kula maboksi yetu. Na pale, kati ya paja la kuku na juisi, kijana akaanza hadithi tamu. Kwamba hapa ndipo filamu ya Hatari! ilipopigwa, ile ya John Wayne iliyotoka mwaka 1962. Kwamba yule mwigizaji Mjerumani, Hardy Krüger, alipapenda mno akanunua shamba papa hapa. Kwamba kabla yao kulikuwa na familia ya Kijerumani, ya akina Trappe, waliofika Momella mwaka 1907, na mama wa familia hiyo, Margarete, alikuwa mwindaji hodari ambaye habari zake zinasimuliwa mpaka leo. Kwamba walikuwa na ranchi kubwa, na sehemu kubwa ya ardhi ya hifadhi hii ilikuwa ranchi yao ya ng'ombe, mpaka hifadhi ilipotangazwa mwaka 1960 ikaingizwa humo.

Nikaacha kutafuna.

Samahani. RANCHI YA NG'OMBE?

Saa mbili kabla, msitu haujawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Sasa tunaambiwa, na mtu yuleyule, kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini sehemu kubwa ya ardhi hiyohiyo ilikuwa shamba, ina mwenyewe, ina ng'ombe, ina bunduki ya kuwindia. Na hakuna hata mmoja aliyeshtuka! Nikageuka huku na huku nione kama kuna mwenzangu amekunja uso. Walikuwa wanauliza nyumba ya John Wayne iko wapi.

Ndugu zangu, nilielewa jambo pale. Katika lugha ya safari za namna hii, "mkono wa binadamu" ni mkono wa baadhi ya binadamu. Ng'ombe wa Trappe ni historia, anawekwa kwenye hadithi ya mchana. Ng'ombe wa baba yangu ni shughuli za kibinadamu, anawekwa kwenye swali la ripoti.

Ngoja niendelee, bado sijafika penye uchungu.

Baada ya chakula tulipanda kwa miguu kutoka geti la Momella, askari mwenye bunduki mbele kwa ajili ya nyati. Njiani mwongozaji akasimama kwenye mti mmoja mkubwa, gome lake linachanika nyuzinyuzi, akauliza nani anaujua. Kimya. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili. Nikasema oltarakwai. Nikaeleza kwamba nguzo za lango la boma letu ni za mti huo, zilitoka nyanda za juu kabla sijazaliwa, na mchwa wamezishindwa mpaka leo. Kijana akatabasamu vizuri kabisa akasema, "Ahsante kaka, hilo ni jina la kienyeji. Jina lake halisi ni Juniperus procera."

Jina halisi!

Jamani, sina ugomvi na Kilatini. Nimekikariri kwa ajili ya mtihani na nitakikariri tena. Lakini jina halisi la mti ni lipi, lile la watu waliojua kwamba mchwa hawauli, au lile lililoandikwa Ulaya kwenye karatasi? Mbele kidogo tukakuta oloirien, ule mzeituni mwitu. Mama yangu hufukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mti huo, ndiyo maana maziwa yetu yanakaa na yana ile harufu ambayo mimi nikiikumbuka hapa hosteli nasikia njaa. Kule Loliondo kuna kijiji kizima kinaitwa Oloirien. Na Loliondo yenyewe ni jina la mti, waulizeni wauza mbao. Halafu tukafika kwenye ule mkuyu maarufu, uliojipinda juu ya njia kama mlango, mpana kiasi cha kupita gari. Wenzangu wakapanga foleni ya picha. Sisi mti wa jamii ile tunauita oreteti, na wazee hawapiti chini yake wakicheka. Huenda kuombea mvua na watoto. Sikupiga picha. Nilibandua majani machache ya nyasi nikayaweka kwenye shina, haraka, askari asinione. Akaniona. Akageuza uso upande mwingine. Mungu ambariki.

Mnaona ninachosema? Nimetoka kwenye nchi isiyo na msitu, lakini nusu ya msitu ule niliujua kwa majina, kwa sababu wazee wangu katika kiangazi kikali walikuwa wanapandisha mifugo nyanda za juu za Ngorongoro, wanakaa na miti hii, halafu mvua ikija wanarudi chini na kuiacha. Na miti ikabaki. Kama mkono wa binadamu ni sumu, hii miti ilibakije kutajwa na bibi zangu?

Sasa uchungu wenyewe.

Dereva wa basi letu alikuwa mzee wa Kimeru, mtu mpole, hakuteremka kula nasi. Jioni tulipokuwa tunasubiri wenzetu wamalize kununua vinyago, nikamfuata nikamwamkia. Nikamuuliza, mzee, huko ng'ambo ya geti kunaitwaje? Akasema, "Engare Nanyuki." Nikacheka, nikamwambia hilo ni neno letu, enkare nanyokie, maji mekundu. Akacheka pia: "Najua. Mlikuwepo, tukawepo. Mambo ya zamani, mtu na jirani yake." Halafu akanyamaza kidogo, akanyoosha kidole. "Mama yangu alizaliwa pale. Nyumba yao ilichomwa akiwa msichana."

Wadau, ni wangapi kati yenu mnaoijua habari hii? Mimi nilisoma historia mpaka kidato cha sita na sikuwahi kuulizwa hata swali moja. Nilirudi chuoni nikajichimbia maktaba siku nne. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilipokea ripoti ya Jaji Wilson kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi, iliyotaka mashamba ya walowezi yapangwe yawe eneo moja lisilo na Waafrika katikati. Engare Nanyuki na Leguruki, ambako Wameru walikuwa wanaishi, kulima na kufuga, kulitakiwa kuwe ranchi za Wazungu. Novemba 1951 watu kama 3,000 wakatolewa kwa nguvu. Nyumba zikachomwa, wakaambiwa waende Kingori. Wameru hawakurusha mawe. Walichanga fedha. Wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, mpaka New York, Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, akasimama mbele ya dunia kuieleza ardhi yao. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere hajasimama pale. Baadaye Kirilo na wakili wao, Earle Seaton kutoka Bermuda, waliandika kitabu cha kesi hiyo, kikachapishwa mwaka 1967. Kipo maktaba yetu nakala moja, na kwa jinsi vumbi lilivyokuwa nadhani nilikuwa wa kwanza kukiazima tangu chuo kifunguliwe.

Fikirini. Sauti ya kwanza ya Tanganyika kufika Umoja wa Mataifa ilitoka hapo hapo, jirani na geti la Momella. Ukisimama mahali tulipokula kuku, ni mwendo wa miguu. Na sisi, watoto wa nchi hii, wanafunzi wa UTALII, tuliambiwa habari za John Wayne.

Msinijibu kwamba watalii hawaji msituni kusikiliza siasa. Hili nimeambiwa tayari, tena na watu ninaowaheshimu. Kama hawataki historia, kwa nini wanapewa ya filamu? Kwa nini wanapewa ya Trappe? Historia wanapewa. Kinachofanyika ni kuichambua kama mchele: punje nyeupe sahanini, nyingine pembeni.

Na msinijibu kwamba binadamu kweli anaharibu misitu. Anaharibu, na ninyi wote mmeona magunia ya mkaa yanavyoteremka usiku. Maji ninayooga hapa hosteli yanatoka kwenye mlima ule. Mabomba ya mji wa Arusha yanategemea ukungu uleule unaonasa kwenye miti ileile, na kule kwetu mashamba ya vitunguu na ngano ya Karatu yanaishi kwa msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Anayetaka msitu ukatwe simtetei, awe Mmaasai, awe Mmeru, awe mheshimiwa mwenye kibali cha mbao. Sijasema hata mara moja kwamba ng'ombe waingizwe Ngurdoto. Someni tena kama mnadhani nimesema.

Ninachosema ni kwamba ile sentensi ni ya uongo, na uongo huo una kazi.

Kazi yake naijua kwa sababu nimeishi upande wa pili wake. Juni 2022 viliwekwa vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo na Sale kuwa pori tengefu la Pololeti, na Oktoba mwaka huohuo likatangazwa pori la akiba. Sababu iliyotolewa: kulinda ikolojia, vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Siku za vigingi askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wananchi wakajeruhiwa, wengi wakavuka mpaka kwenda kutibiwa Kenya. Piyaya hatukuwa katikati ya rabsha ile, lakini malisho yetu hayakupona. Mimi sikutaka kulizungumza hapa chuoni. Unajua ukiwa Mmaasai peke yako kwenye kozi, kila mtu anakufanya msemaji. Lakini kilichoniuma zaidi ya vigingi ni mazungumzo ya kantini. Vijana wazuri, marafiki zangu, ambao hawajawahi kukanyaga wilaya ya Ngorongoro, walikuwa na jibu moja: "Si wawapishe wanyama jamani, lile si eneo la asili?"

Walilitoa wapi jibu hilo? Si kwa waziri, hawasikilizi hotuba. Walilitoa kwenye safari ya siku moja. Walilitoa kwenye boksi la kuku. Mtu akishafundishwa katika hali ya furaha, na kamera mkononi, kwamba asili ni mahali pasipo na watu, basi siku akisikia kuna watu mahali penye asili, anaona hao ndio kosa.

Nendeni Uganda mkaone mwisho wa hadithi hii. Bwindi na Mgahinga, misitu ya mvua yenye sokwe wale wakubwa, zilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na Wabatwa waliokuwa wanaishi humo wakatolewa. Leo Mgahinga kuna matembezi ya kulipia ambapo Wabatwa wanaingia msituni na wageni kuwaonyesha jinsi walivyokuwa wanaishi: kuwasha moto kwa vijiti, kutafuta asali, kuimba. Wakimaliza wanatoka. Sijui kama ninyi mnapata picha kamili. Mtu anaigiza maisha yake mwenyewe nyumbani kwake mwenyewe kwa saa kadhaa, halafu geti linafungwa. Siwalaumu wao, ni riziki, na pengine ndiyo njia pekee ya mtoto kuujua msitu wa babu yake. Ila nikiwaza kwamba wajukuu wa papa watakuja kuonyeshwa jinsi ya kuchunga ng'ombe kwa saa tatu pamoja na chakula cha boksi, usingizi unaniruka.

Halafu nendeni ng'ambo yetu ya Kenya, Loita. Kuna msitu unaitwa Naimina Enkiyio. Maana yake ni msitu wa mtoto aliyepotea, binti aliyefuata ndama akaingia asionekane tena. Miaka ya 1990 halmashauri ya Narok ilitaka kuufanya hifadhi ya kitalii. Waloita wakakataa, wakaenda mahakamani, na msitu ukabaki mikononi mwa jamii. Wazee wana sheria zao: huku hamkati, huku ni kwa sherehe tu, huku ng'ombe ni kiangazi peke yake. Mgeni anaweza kutembezwa humo na kijana wa palepale. Na jambo la kwanza atakaloambiwa, hata kabla ya ndege na vipepeo, ni habari ya mtoto. Msitu mzima umepewa jina kwa ajili ya mtu mmoja mdogo! Jaribuni kusema "haujaguswa na binadamu" mahali kama pale, muone mtakavyotazamwa.

Basi, ripoti. Niliandika kurasa nane. Nilijibu swali, naapa. Shughuli za kibinadamu nilizitaja zote. Nikaanza na ranchi ya 1907, nikaja uchomaji wa nyumba wa 1951, nikaeleza barabara na filamu, nikamalizia na mkaa wa leo. Ilirudi juzi. Alama 11 kati ya 30, na wino mwekundu maneno matatu: "Nje ya mada." Rafiki yangu aliyeandika kwamba jamii za pembezoni zina uelewa mdogo wa uhifadhi alipata 24. Sikatai kwamba Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu.

Nilikwenda ofisini kwa mwalimu, nikabisha hodi, nikasimama kwa adabu. Akanisikiliza, nampa hiyo. Akaniambia, "Kijana, una akili, lakini utakosa kazi." Nikamuuliza kama kuna kosa la ukweli mahali popote kwenye ripoti. Akasema hakuna, ila sekta hii inauza ndoto. Nikashukuru nikatoka. Sina hakika kama alikuwa ananikemea au ananihurumia.

Na hapo ndipo mimi mwenyewe nimebanwa, maana haya yote ningeweza kuyasema kama msikilizaji tu. Mwezi wa saba naanza mafunzo kwa vitendo. Nimepata nafasi kwenye kampuni inayopeleka wageni wa siku moja, asubuhi hotelini mjini, jioni hotelini mjini. Nitavaa shati la kijani lenye mifuko minne. Nimeshapewa karatasi ya maneno ya kukariri, kurasa tatu. Neno lile lipo ukurasa wa kwanza, mstari wa pili. Na nyumbani wameuza mitamba miwili mimi nifike hapa. Papa hajui kusoma, lakini anajua bei ya mtamba. Nikifukuzwa kwa ajili ya sentensi moja, nitamwelezaje? Nikiisema kila siku kwa miaka thelathini, je, nitamwelezaje?

Nimeandika maneno yangu ya kusema pale Momella. Nayaweka hapa ili mnisaidie kuyarekebisha, hasa wenye Kiingereza cha kueleweka, maana itabidi niyatafsiri:

"Karibuni. Msitu huu ni mzuri na unalisha mji wa Arusha kwa maji. Watu wameishi pembeni yake na ndani yake kwa muda mrefu, na miti mnayoiona ina majina waliyoipa. Familia ya Trappe ilifuga hapa tangu mwaka 1907. Ng'ambo ya geti lile, mwaka 1951, Wameru kama 3,000 walitolewa na nyumba zao zikachomwa, na mmoja wao akaenda Umoja wa Mataifa kudai haki. Hifadhi ilianza mwaka 1960. Mmoja wa wakuu wa sinema alipiga filamu hapa pia. Sasa twendeni tukawaone mbega."

Nimeyasoma kwa sauti mara tatu huku nikitazama saa. Hayafiki dakika moja. Hardy Krüger peke yake alichukua dakika nne siku ile.

Jana usiku nilipiga simu nyumbani, mtandao ukakubali baada ya mara tano. Nikamweleza papa kuhusu msitu, ukungu, maji yanayodondoka bila mvua. Akauliza swali moja tu: humo ndani majani yapo? Nikamwambia papa, majani yapo mpaka magotini. Akanyamaza. Nikasikia upepo wa Piyaya kwenye simu, halafu salio likaisha.